WhatsApp, Facebook, Instagram ama TikTok: biashara ndogo ya Malindi uitilie nguvu wapi?

Kama una biashara ndogo hapa Malindi na wajua wazi huwezi kushinda na simu mkononi kutwa, manake kuna kupika, kuna kushona, kuna duka la kufungua na watoto wa kupeleka madrasa, basi mitandao yote minne huiwezi. Itabidi uchague mmoja wa kuutilia nguvu, mwengine uupe mabaki. Na hapo ndo watu wakwama, huyu aambiwa nenda TikTok ndo kuna watu, yule aambiwa Facebook imekufa, na kuna wale wako na zote nne na kila moja mara ya mwisho kuposti ni Idd iliyopita.

Sa hapa nalinganisha hizo nne kwa mambo ambayo kwa biashara ya mji kama huu ndo yaamua: mteja wako anapatikana wapi, mtandao wenyewe wakula nini (bando, muda, pesa), kutoka mtu kuona mpaka kulipa kuna safari gani, wizi na kuaminika, na siku mtandao ukianguka wabaki na nini. Laiki sikuzitia kwa hesabu kabisa, laiki hailipi kodi ya kibanda.

Kitu kimoja tuwekane sawa kabla hatujaanza, nikisema WhatsApp nasema ile ya biashara, WhatsApp Business, iliotoka 2018. Ni bure, yaingia kwa simu ileile, na kama bado wauza kwa ile ya kawaida huku oda zimechanganyika na meseji za harusi na za chama, anzia hapo.

Mteja wako yuko wapi

Hili ndo kubwa na hapa nitakaa kidogo.

Malindi ina wateja wa aina tatu na si wamoja hata siku moja. Kuna wa hapa hapa, Barani, Maweni, Shella, Muyeye, Ngala, Kisumu Ndogo, watu ambao boda yawafikia kabla chakula hakijapoa. Kuna wa mbali wanaotumiwa mzigo, Mombasa ambayo ni kama kilomita 120, Nairobi, na watu wetu walio Ghuba. Alafu kuna wageni, Wataliano na wazungu wengine pamoja na watu wa Nairobi wanaoshuka likizo.

WhatsApp ni ya wa hapa hapa, haina mpinzani. Chukua mama auzaye mabuyu na achari nyumbani Barani, saa kumi jioni apiga picha vikopo vimepangwa kwa sinia, atia stetasi, na kabla ya Magharibi mazungumzo ni haya:

"Asalam aleikum, mabuyu yapo?"
"Waaleikum salam, yapo mpenzi, ya pilipili na ya kawaida"
"Ya pilipili viwili. Niko Maweni"
"Mia mbili, na boda hamsini. Nitumie lokesheni"

Imeisha. Hakuna video, hakuna muziki, hakuna wafuasi. Lakini angalia shida yake, yule mama aonwa na watu wenye namba yake tu. Stetasi yaonekana saa 24 na lazima nyote wawili mmeseviana namba, na ile orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi pamoja mwisho wake ni watu 256, na asiyekusevu haimfikii. Kwaivo WhatsApp haikuletei mteja mpya, yamrudisha wa zamani. Mtu mpya lazima atoke kwengine, mdomo wa watu, kibandiko mlangoni, ama mtandao mwengine kati ya hii mitatu.

Facebook watu waitukana lakini hawaitoki. Vijana wamehama kweli, watu wazima wapo. Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga, friji ya mtumba, fundi wa sofa, ploti, bado anaingia magrupu ya kuuza na kununua ya Malindi na Kilifi na anauliza. Na kuna kundi moja watu walisahau, nalo ni jamaa zetu walio Saudia, Qatar na Dubai, wengi wao Facebook ndo dirisha lao la nyumbani. Mtu wa hivyo akiona keki yako anakwambia mpelekee mamangu Ijumaa, pesa naituma sasa hivi. Huyo ni mteja wa mbali na deliveri yake ni mtaa wa pili, raha ilioje.

Instagram ni ya mgeni. Mtu wa Milano akipanga kuja atafuta picha za Malindi na Watamu, abonyeza ile tegi ya mahali, aona bahari, aona chumba, aona sahani ya kamba wa kuchoma. Kama una chumba cha kukodisha kule Casuarina, una boti ya kupeleka watu Marine Park, wachora hina, wauza vinyago ama vikapu, huko ndo macho yako. Mama wa mahamri akifungua Instagram atapata laiki za watu wa Nairobi wenye njaa na hakuna la ziada.

TikTok sasa. TikTok yakupeleka kwa watu wasiokujua kabisa, hata ukiwa na wafuasi sufuri, kwa sababu yenyewe yaangalia video yako watu wameitazama mpaka mwisho ama wamepita, alafu yaamua kuisukuma ama kuiacha. Hio ndo nguvu yake na ndo mtego wake. Video ya kaimati zikigeuka kwenye mafuta zikiwa na rangi ile yenyewe, alafu shira ikamwagwa juu, yaweza kutazamwa na watu elfu nyingi kwa usiku mmoja, na ukifungua komenti, "niko Kitale natamani", "Eldoret mwaleta?", "huku Busia hatuna". Kaimati haifiki Busia. Lakini korosho yafika, mabuyu yafika, achari yafika ukiziba vizuri, dera lafika, udi wafika. Kwaivo swali la TikTok sio unauza nini peke yake, ni je hicho kitu kikikaa kwa basi usiku kucha kitafika kikiwa kizima?

Inakula nini

WhatsApp ndo nafuu, bando dogo latosha na picha haihitaji ufundi. Kazi yake ni kujibu. Ukitia chakula stetasi saa kumi kisha ukajibu saa tatu usiku, mtu ashakula viazi karai vya mwengine. Kuna majibu ya haraka unayaandika mara moja (bei, mahali ulipo, saa za kufunga) na kuna lebo za kutenga aliolipa na asiolipa, na kuna katalogi inayobeba hadi bidhaa 500, yani hakuna duka la mtaa litakalokosa nafasi. Ukishaweka bei kwa katalogi hujibu tena "how much" mara arubaini kwa siku.

Facebook yenyewe ni bure, ila peji ukiposti bila kulipia wanaoona ni wachache hata kama wafuasi ni wengi, hilo kila mwenye peji alijua. Ndo maana watu wengine wauza kwa akaunti ya kawaida, na hio mwisho marafiki 5,000. Uzuri ni kwamba tangazo la kulipia laweza kufungwa liende Malindi na kilomita chache kuzunguka tu, hulipii macho ya Kisumu. Wengi hulipa kwa kadi, na asiye na kadi ya benki aweza kutumia ile Visa ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya M-Pesa, ipo tangu 2022. Anza na pesa kidogo ambayo hata ikipotea hutalia.

Instagram yataka jicho. Simu yenye kamera safi, mwangaza wa asubuhi ama wa alasiri, na maneno mawili ya Kiingereza ama Kitaliano chini ya picha. Malindi bahati yetu hata mtoto wa kuuza njugu ufukweni ajua Kitaliano cha kutosha, hapo msijitie unyonge.

TikTok yala zaidi ya zote na watu hawasemi. Yala bando kupandisha video, yala bando kutazama wenzako ili ujue kinachoenda, na yala muda, manake video moja nzuri yataka kurekodi, kukata, kuandika, na ukiacha wiki tatu ni kama waanza upya. Pia ukigeuza akaunti kuwa ya biashara zile nyimbo zinazovuma huzipati, wapewa maktaba ya muziki wa kibiashara peke yake. Laivu nayo kwa kawaida yataka wafuasi 1,000 na uwe umetimiza miaka 18. Kwa mtu mwenye mdogo wake ama mpwa anayependa mambo ya video, sawa, mpe hio kazi na umpe na asilimia yake, usimfanyishe bure ukidhani yuacheza tu.

Kutoka kuona mpaka kulipa

Marekani tangu 2023 mtu anabonyeza video ya TikTok na kununua humohumo. Hapa kwetu duka hilo la ndani hakuna, kwaivo mtu lazima atoke TikTok, atafute namba yako, aingie WhatsApp, aulize, aambiwe, alipe. Kila mlango hapo wapunguza watu. Instagram vilevile, ila mgeni wa chumba yuko tayari kusubiri kwa sababu yuwatoa pesa nyingi na safari iko mbali. Facebook iko katikati, ina inboksi yake na unaweza kuweka kitufe kinachompeleka mtu WhatsApp moja kwa moja. WhatsApp mtu ashafika, kilichobaki ni namba ya tili.

Na hapa wacha niseme jambo linaloniudhi, hii tabia ya "bei inboksi". Dada yangu, dera ni dera, andika bei. Mtu aliye kazini hana muda wa kukutumia ujumbe asubiri akaambiwe bei tofauti na jirani yake. Wanaoficha bei wadhani wavuta watu kumbe wanawafukuza wale wenye haraka, na wenye haraka ndo wenye pesa tayari.

Kwa wageni kuna mambo mawili. Italia iko nyuma yetu saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wao wa baridi, kwaivo mtu wa kule akiandika baada ya chakula chake cha usiku wewe ushalala, weka jibu la moja kwa moja linalomwambia utamjibu asubuhi. Pili, hana M-Pesa. Panga mapema atalipaje amana, la sivyo mazungumzo mazuri yataishia hapo.

Wizi na kuaminika

Facebook ndo yenye jina baya zaidi hapa, na kwa haki yake. Mtu akiona simu rahisi kwa grupu hatumi pesa, asema tuonane, na wewe unayeuza kwa uaminifu unabeba mzigo wa matapeli. Dawa ni kukubali kuonana mahali pa watu, dukani kwako ama kwa mtu mnayemjua nyote, na kuweka picha ulizopiga mwenyewe, sio za kuokota mtandaoni. Instagram na TikTok watu waamini uso na sauti, ukionekana wewe mwenyewe unashona ama unapika wapata imani ambayo picha ya bidhaa haikupi.

WhatsApp yaaminika kwa sababu mwajuana, lakini ndo ambayo wezi waitaka zaidi. Ukipigiwa simu na mtu mpole akikuomba namba ya tarakimu sita iliyoingia kwa meseji, usitoe, hata akisema ni ya kujiunga na grupu la wafanyabiashara. Akiipata akaunti si yako tena, na dakika chache baadaye wateja wako wote wanaombwa mkopo kwa jina lako. Kwenye mipangilio washa ile nywila ya pili, ni jambo la dakika moja.

Meseji bandia za M-Pesa mwazijua. Angalia salio, usiangalie meseji anayokuonyesha mtu kwa simu yake. Na pokea pesa kwa tili ama Pochi la Biashara, zile njia za M-Pesa za kupokelea malipo ya biashara, badala ya namba yako ya kawaida, mteja akishalipa huko kuirudisha pesa kisirisiri si rahisi.

Alafu picha za watu. Saluni, wachora hina, wapiga picha, wenye mikahawa, hii yawahusu. Sheria ya kulinda data ya Kenya ni ya 2019 na haina mchezo, mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Na kwetu hapa hata kabla ya faini kuna heshima, mke wa mtu amekuja kuchorwa hina ya harusi, mkono tu, uso usiuguse, na hata mkono omba kwanza.

Siku ikianguka

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja dunia nzima kwa muda wa karibu saa sita, kwa sababu zote tatu ni za kampuni moja, Meta. Mtu aliyefikiri ametawanya biashara yake kwa mitandao mitatu siku hio alijua ana mmoja tu. TikTok ni ya wengine, ByteDance, ikawa hai, lakini TikTok nayo yaweza kukufungia akaunti kwa video moja na rufaa ikachukua muda wake.

Kwa hili WhatsApp ndo yakuacha na kitu, kwa sababu namba za watu ziko kwako. Peji ya Facebook ikipotea wafuasi wamekwenda nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hapa nasema daftari kweli, la karatasi, jina, namba, alinunua nini. Na utie safu moja zaidi: alitujulia wapi. Muulize kila anayelipa. Baada ya miezi miwili mitatu utaona mwenyewe, mwengine TikTok yampa sifa na Facebook ile anayoidharau ndo yamlipia stima.

Masika na sizoni

Kuna jambo la wakati ambalo halimo kwa vitabu vya biashara. Aprili mpaka Juni wageni hakuna, mvua, hoteli nyingi zimefunga, na watu wenye biashara za wageni huacha kuposti kabisa. Ni makosa hayo. Mtu wa Desemba yuwapanga safari miezi kabla, na masika ndo wakati una nafasi ya kupiga picha, kupanga peji, kujibu watu taratibu. Ukianza kuposti Desemba yenyewe ushachelewa, wafanyia kazi ya mwakani.

Ramadhani mambo yageuka. Vyakula vya futari tia stetasi baada ya Adhuhuri, watu wapange, wala usingoje jua lishuke manake hapo jiko limeshapamba moto na huna mkono wa kujibu. Madera, mabuibui na kanzu za Idd, baada ya tarawehe, watu wamelala kwa mikeka na simu. Na anza mapema, fundi wa cherehani akipokea oda wiki ya mwisho atagombana na nusu ya mji.

Sa wewe ni yupi

Wapika nyumbani ama kibandani na kinacholiwa leo ni cha leo: WhatsApp, na kibandiko cha namba yako pale watu wapitapo. Huna haja ya kumuonea wivu mwenye wafuasi wengi.

Washona ama wauza madera, udi, manukato: WhatsApp kwa wa hapa na TikTok kwa wa mbali, ila usifungue TikTok kabla hujajua mzigo waenda vipi Nairobi, kwa bei gani na nani alipa. Andika hio kwa profaili kabisa.

Wauza samaki: mvuvi akishusha changu na kolekole asubuhi, stetasi saa ileile, na namba za wapishi wa mikahawa ziwe kwa orodha yao peke yao. Mitandao mengine yakupotezea barafu.

Una chumba, nyumba ya likizo, boti ama tuktuk ya kutembeza wageni Gede na Marafa: Instagram, tena kwa uvumilivu. Wateja wako wakiwa zaidi ni Wakenya wa likizo za Agosti na Desemba basi TikTok yaweza kuipita, watu wa Nairobi siku hizi hutafuta pa kwenda humo humo.

Fundi wa sofa, welda, mwenye vifaa vya mtumba, dalali wa nyumba: Facebook, magrupu ya hapa, picha kabla na baada. Tangazo la kulipia mwisho wa mwezi watu wakiwa na mshahara.

Keki na maua ya kupeleka: Facebook kwa wale wa Ghuba, WhatsApp kwa waliobaki, na hakikisha yule aliye Doha anatumiwa picha ya mamake akipokea, kwa ridhaa ya mama. Akiiona, mwezi ujao yuarudi bila wewe kuposti chochote.

Na kama ndo waanza leo, simu moja, bando la kubahatisha na mtoto mgongoni, chukua WhatsApp Business, weka bidhaa kumi na bei zake, kisha tumia jamaa na majirani mmoja mmoja, "mimi ni fulani, hii ndo namba yangu ya biashara, niseviye". Mengine yangoje.